Siku Moja Maishani Mwangu: Mfanya Mazingaombwe wa Kisumu

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, mji ukiwa bado kimya, nilisimama mbele ya kioo chumbani mwangu Nyalenda nikiwa na sarafu ya shilingi 20. Nilijifanya kuitia katika mkono wa kushoto, ilhali ilikuwa imebanwa kwenye kiganja cha kulia, nikarudia tendo hilo kwa saa nzima. Kioo hunisaidia kuyachunga macho yangu kuliko vidole, kwa sababu macho yangu yakiteleza kuelekea penye sarafu, watazamaji wote huyafuata.

Saa tatu nilikuwa katika shule moja ya msingi huko Kondele. Nilirusha mpira mdogo mara mbili, na mara ya tatu nikapunga mkono vilevile bila kuuachilia, huku nikiinua uso kana kwamba naufuata.

“Mwalimu, niliuona ukipotelea karibu na dari!” alisema msichana mmoja, na hakuwa akisema uongo.

Kiinimacho hiki kilielezwa na mwanasaikolojia Mmarekani Norman Triplett mwaka wa 1900. Mwaka wa 2006 Gustav Kuhn na Michael Land, nchini Uingereza, walionyesha kwamba watu huuona mpira huo usiokuwapo zaidi pale mchezaji anapotazama juu kuliko anapoutazama mkono wake. La ajabu ni kwamba macho ya watazamaji, yalipopimwa, mara nyingi hayakufika kule juu walikodai kuuona mpira. Akili ilikuwa imekwisha kuutabiria njia.

Saa sita nilipita soko la Kibuye kutafuta skafu ya hariri katika mitumba. Mama muuzaji aliniomba nimwonyeshe kazi yangu, nikaipoteza sarafu mbele yake, naye akarudi nyuma hatua mbili.

“Mwanangu, hiyo si dawa?”

“Hapana, mama, ni vidole tu. Tazama.”

Nikamwonyesha polepole hadi akaelewa, kisha nikarudia kwa mwendo wa kawaida. Alijua siri yote, na bado macho yake yakakimbilia mkono mtupu; akacheka, akamwita jirani yake aje aone. Utamu wa sanaa hii naupata hapo, mtu anapoijua kweli huku jicho lake likikataa kuitii.

Najua wenzangu wengine huona vibaya siri ikitolewa sokoni, lakini simwachi mtu aondoke akidhani nina nguvu za giza. Hapa kwetu Nyanza, hasa Kisii, wazee wamewahi kuuawa kwa kushukiwa uchawi tu. Mwaka wa 1584 Mwingereza Reginald Scot alichapisha kitabu kilichofichua hila za sarafu na kamba, akiwatetea watu waliokuwa wakiteswa kwa tuhuma za namna hiyo. Robert-Houdin, fundi saa na mfanya mazingaombwe wa Ufaransa ambaye ustadi wake naustahi sana, alitumwa na serikali yake Algeria mwaka wa 1856 ili kuwaonyesha wenyeji kwamba uganga wa Wafaransa uliwashinda viongozi wao wa dini. Sanduku lake lilishindwa kuinuliwa na mtu mwenye nguvu, kumbe lilikuwa limeshikwa na sumaku ya umeme iliyofichwa chini ya jukwaa. Nimeyasoma maelezo hayo mara nyingi, na kila mara huhuzunika kwamba mkono hodari kiasi kile ulitumika kuwatisha watu.

Alasiri nilipumzika.

Saa kumi na mbili jioni nilikuwa kwenye sherehe ya kuzaliwa kwa mtoto, huko Milimani. Kiganja kilikuwa na jasho, na katikati ya mchezo sarafu ikaniponyoka ikaangukia nyasi, nyuma ya meza. Mvulana wa miaka minane hivi, aliyekuwa ameketi karibu nami, aliiona. Nilitarajia apige kelele. Badala yake aliinama, akaiokota, akanitilia mkononi chini ya kitambaa cha meza, wengine wote wakiwa wanautazama ule mkono wangu mwingine.

“Endelea, mjomba,” alininong’oneza, kisha akarudi kukaa na kukodoa macho kama wenzake.