Mikono ya Lizzie Deignan

Oktoba 2, 2021 nilikuwa jikoni, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya mafuta, natazama Paris-Roubaix ya kwanza ya wanawake, mbio za baiskeli za Ufaransa zinazopita kwenye barabara za mawe. Wanaume wanaigombea tangu 1896. Sisi tulisubiri miaka 125.

Mwingereza Lizzie Deignan alichomoka zikiwa zimebaki kilomita 82 hivi, kabla hata ya kipande cha kwanza cha barabara ya mawe. Peke yake! Mawe yameloa, tope tupu, gurudumu la nyuma linateleza kwenye kona naye anaituliza baiskeli. Nyuma yake anakuja Marianne Vos, Mholanzi aliyekwisha kuwa bingwa wa dunia, na hilo ndilo lililonikausha koo.

Alifika uwanjani Roubaix akiwa wa kwanza. Hakuvaa glavu, na utepe wa usukani ulikuwa na damu. Nilizima jiko, nikakaa chini, nikalia.