Kumbukumbu ya mradi: kuipima runinga ya inchi 43 kwenye sebule ya Mama, Uyole

Mradi huu ni wa runinga ya inchi 43 iliyonunuliwa Mwanjelwa kwa ajili ya sebule ya Mama, Uyole. Naipima picha na sauti mpaka nijue uwezo wake unaishia wapi, halafu niiache imepangwa ili Mama awashe tu na kutazama. Saizi hii ndiyo inayochukuliwa na wengi hapa Mbeya: inaenea vizuri kwenye ukuta wa sebule ya kawaida, na bei yake bado inazungumzika. Lakini nyingi hutolewa kwenye boksi, zikawashwa, zikaishi na mipangilio ya kiwandani mpaka siku taa za ndani zinapoungua. Naumia nikiona hivyo, kwa sababu sehemu kubwa ya ubora ambao mtu ameulipia inabaki imelala kwenye menyu.

Dukani, kabla ya kulipa

Video inayozungushwa dukani imetengenezwa ili kuuza: maporomoko ya maji, kasuku, maua, rangi kali kila kona. Hakuna runinga inayoonekana mbaya kwa video ile. Nilikwenda na fleshi yangu yenye picha nilizochora mwenyewe kwenye kompyuta: kijivu kitupu kinachojaza kioo chote, ngazi za weusi kuanzia giza totoro, ngazi za weupe, na mistari ya upana wa pikseli moja, yaani nukta moja ndogo kabisa ya picha.

Muuzaji akaniuliza, "Bosi, mbona picha yako haina rangi?"

"Kaka, niachie hiyo hiyo ya kijivu."

Kijivu kitupu kinafichua madoa. Runinga nyingi za bei hii zina taa za LED zilizopangwa kwa mistari nyuma ya kioo, na mwanga usiposambaa sawasawa utaona mabaka yamesimama palepale huku kamera ikipita juu ya nyasi za uwanja. Runinga mbili za modeli moja zinaweza kutofautiana kabisa kwa hilo. Ndiyo maana nilisisitiza lifunguliwe boksi lilelile nitakaloondoka nalo, nisije nikapima ya maonyesho nikabebeshwa nyingine. Hii yetu ina giza kidogo kwenye kona ya chini kulia. Katikati ni safi. Nikaichukua.

4K na umbali wa sofa

Kioo cha inchi 43 kina upana wa sentimita 95 hivi. Pikseli 3840 za 4K zikigawana upana huo, kila moja inapata kama robo ya milimita. Jicho zima linatenganisha vitu vilivyoachana kwa pembe ya sehemu moja ya 60 ya nyuzi moja. Ukipiga hesabu, pikseli za 4K kwenye kioo hiki zinaanza kuungana machoni ukivuka sentimita 85, na za Full HD, yenye nusu ya pikseli hizo kwa upana, ukivuka mita 1.7. Sofa ya Mama iko karibu mita tatu, na chaneli anazotazama hazirushwi kwa 4K. Kwa hiyo maandishi ya 4K kwenye boksi hayabadilishi chochote pale anapokaa. Ningekuwa nachagua kati ya 4K yenye madoa na Full HD yenye kioo safi, ningebeba Full HD bila kusita.

Nyuso za watu

Hapa ndipo nilipokaa zaidi, na ndipo naamini kila mtu angeanzia. Anayetazamwa kwenye runinga zetu ni mtu mweusi: mtangazaji wa taarifa ya saa mbili usiku, mchezaji, mwigizaji wa filamu ya Kibongo aliyesimama kwenye kibaraza usiku taa ikiwa moja. Runinga isiyoweza kuonyesha ngozi hiyo imeshindwa kazi yake ya kwanza.

Kwa mipangilio ya kiwandani weupe wote ulikuwa umeegemea kwenye bluu. Shati jeupe linang'aa, lakini uso wa mtangazaji unapauka, ule wekundu wa chini ya ngozi unapotea. Studio hupanga weupe wao kwenye kipimo kiitwacho D65, yaani kama kelvini 6500, na kwenye runinga nyingi chaguo linalokikaribia ni hali ya Sinema pamoja na rangi ya joto. Niliiweka huko. Mama akasema, "Mwanangu, mbona kama imeingia unjano?" Nikamwomba avumilie mpaka kesho yake, kwa sababu macho huchukua muda kuzoea weupe mpya. Kesho yake hakusema kitu. Nilipomrudishia rangi ya kiwandani ili alinganishe, akaniambia niitoe haraka.

Kazi kubwa ilikuwa vivuli. Kuna kipengele cha kurekebisha utofauti wa giza na mwanga chenyewe, kinachobadilika kila picha inapobadilika. Kinafanya weusi uonekane mzito, lakini kinaupata kwa kumeza vile vivuli vya katikati, na kwenye uso mweusi ulio gizani vivuli hivyo ndivyo vinavyobeba macho, mashavu na hasira yenyewe ya mwigizaji. Nilikizima. Ngazi za weusi kwenye fleshi yangu, ambazo za chini zilikuwa zimeungana kuwa kipande kimoja, zikaanza kutengana. Katika lile tukio la kibarazani paji la uso na taya vikarudi.

Kitu kingine kinachomeza vivuli ni king'amuzi na runinga kutoelewana. Picha za matangazo huhesabu weusi kuanzia 16 na weupe kuishia 235, ilhali kompyuta huanza 0 mpaka 255. Runinga ikisubiri kipimo kimoja ikaletewa kingine, ama weusi unakuwa majivu ama giza linakula kila kitu. Kwenye menyu mpangilio huu huwa karibu na jina la HDMI, tundu linalopokea waya wa king'amuzi. Ngazi za kwenye fleshi haziwezi kuonyesha kosa hili, kwa kuwa fleshi haipiti kwenye waya huo. Hapa inabidi uangalie koti jeusi la mtangazaji kama mikunjo ipo.

Kwa rangi nilitumia jezi. Zambarau ya Mbeya City ni mtihani mzuri sana: rangi ya runinga ikiwa baridi, jezi inageuka bluu, na ukiongeza rangi kupita kiasi inaelekea waridi. Nyekundu ya Simba nayo, kwenye ile hali kali ya dukani, inakuwa bonge moja lisilo na mikunjo wala kivuli cha kwapa. Nilishusha rangi taratibu mpaka kitambaa kikaonekana kitambaa. Ukali wa kingo nikaushusha karibu na sifuri, na ule mstari mweupe uliokuwa unawazunguka wachezaji ukaondoka.

Mpira unaoruka

Mpira ulikuwa unakwenda kwa kushtukashtuka kila kamera inapofuata pasi ndefu. Tatizo halikuwa kioo. Matangazo yetu hurushwa kwa mapigo 50 kwa sekunde, na king'amuzi kilikuwa kimepangwa kutoa 60. Ili kufikia 60 kinalazimika kurudia picha fulani fulani, na jicho linauona mruko huo. Nilikiweka kwenye 1080i (aina ya picha ya HD) ya mapigo 50, mwendo ukatulia papo hapo. Kabla ya kuilaumu runinga, fungua menyu ya king'amuzi. Vingine hukutwa vinatoa hata picha ya chini ya HD miaka yote.

Kile kipengele cha kulainisha mwendo nimekizima kwa filamu. Filamu hupigwa picha 24 kwa sekunde, na runinga ikijitungia picha za kujazia, kila kitu kinapata mwendo usio wa asili. Kwa mpira nimekiacha kwenye ngazi ya chini kabisa.

Viti vya pembeni

Sofa za Mama zimezunguka kuta tatu, kama sebule nyingi za kwetu. Kioo hiki ni cha aina ya VA, ambacho weusi wake ni mzuri, lakini ukikaa pembeni rangi zinapauka. Aina ya IPS ingewahudumia wa pembeni, ila utofauti wake wa giza na mwanga huwa karibu 1000 kwa 1, wakati VA hufika 3000 na zaidi, na usiku taa zikizimwa tofauti hiyo inaonekana wazi. Mama anakaa katikati. VA imebaki. Meza nimeihamisha ukuta usiotazamana na dirisha la mashariki, maana jua la asubuhi lilikuwa linafuta picha yote.

Jumamosi, mvua kubwa

Nyumba imeezekwa kwa mabati na sebule haina dari. Huku kwetu mvua ikishika Desemba inakwenda mpaka Aprili, na ikimwagika jioni, taarifa ya habari inakuwa ya kutazama midomo tu. Picha niliyoihangaikia yote haimsaidii Mama kama hasikii alichosema waziri. Tangu siku hii naamini sauti ndiyo inayoamua kama runinga ya saizi hii inatumika au inapamba ukuta.

Runinga ina spika mbili za wati 8 kila moja, zote zinatazama chini. Nilipiga mlio unaopanda kutoka hezi 40, yaani mitetemo 40 kwa sekunde: mpaka karibu 150 hakuna kitu zaidi ya plastiki kutetemeka, kuanzia 200 sauti inatoka, kisha inakwenda vizuri hadi juu. Kwa muziki huo ni upungufu mkubwa. Kwa usemi siyo. Simu za mezani zilipitisha hezi 300 hadi 3400 tu na watu wakaelewana.

Mdogo wangu alikuwa na jibu tayari: "Kaka, weka sabufa yangu, utaona." Tukaiweka. Vioo vya dirisha vikatetemeka, mabati yakaitikia, na mtangazaji akabaki amezama palepale. Sabufa inaongeza besi, na besi siyo iliyokuwa inakosekana. Kinachotofautisha neno na neno ni s, sh, f na t, sauti dhaifu za hezi 2000 hadi 4000 na zaidi, na kelele za mvua kwenye bati zinazifunika hizo kwanza. Kuongeza besi juu ya mvua kunamzika msemaji zaidi.

Nilianza na kitambaa. Mama ametandika kitambaa alichokifuma mwenyewe chini ya runinga, na spika zinazotazama chini zilikuwa zinakipigia moja kwa moja. Kitambaa kinanyonya hizo hizo sauti za juu. Tulikikunja kikaning'inia mbele ya meza, mbao ikabaki wazi chini ya spika, na tofauti ilisikika bila kipimo. Kisha nikapunguza besi, nikawasha hali ya usemi, nikazima ile sauti ya kujifanya inazunguka chumba, kwa kuwa inatawanya maneno. Zulia pia lilisaidia: ukipiga kofi juu ya sakafu tupu ya saruji mwangwi unarudi, na mwangwi huo unaburuta kila silabi juu ya inayofuata.

Mvua ya kawaida ikawa imeshindwa. Mvua kubwa bado. Programu ya kupima kelele kwenye simu si ya kuaminiwa kwa tarakimu kamili, lakini kwa kulinganisha inafaa, na ilionyesha mvua iko juu ya usemi hata sauti ikiwa karibu mwisho. Kilichobaki ni kuisogeza sauti karibu na sikio. Mahali pa wazi, ukipunguza umbali kwa nusu unapata desibeli 6 zaidi. Ndani ya nyumba inapungua kidogo, lakini bado ni nyingi. Nimechukua spika mbili ndogo za rafu na amplifaya ndogo, waya umetoka kwenye tundu la hedifoni ukapita chini ya zulia, na spika zimekaa pande mbili za sofa ya Mama, usawa wa masikio. Bluutuuthi niliijaribu nikaiacha: midomo ilitangulia, sauti ikafuata.

Mvua ya jioni hiyo ilikuwa nzito. Mama alisikiliza habari mpaka mwisho, akaniambia kwa kilugha cha kwetu asante: "Ndaga, mwanangu. Huyu namsikia hata akivuta pumzi."

Taa na umeme

Taa za nyuma ya kioo zilitoka kiwandani zikiwa mwisho kabisa. Usiku nimezishusha hadi karibu 60 kwa 100: picha inatosha, macho hayachoki, na LED zisizochemka sana huishi zaidi. Zile runinga zinazopelekwa kwa fundi zikiwa na sauti bila picha, mara nyingi ni taa hizi zimekufa. Nimeweka pia kifaa cha kulinda, kile kinachosubiri dakika chache umeme ukirudi kabla ya kuupitisha.

Kilichobaki

Baridi ya Juni na Julai. Kimiminika cha ndani ya kioo cha LCD kinakuwa kizito joto likishuka, na VA ndiyo inayoburuta vivuli vyeusi nyuma ya vitu vinavyokimbia. Nimerekodi kwa simu, kwa picha 240 kwa sekunde, kitone cheupe kikipita juu ya kijivu cheusi sebule ikiwa na joto la sasa. Juni nitarekodi kitone hichohicho alfajiri, kabla jiko halijawashwa, niziweke video mbili pamoja.