Siku ya kurusha roketi

Saa 11 alfajiri. Nimetoka nje kutazama majani ya mti. Yametulia. Upepo ukizidi kilomita 32 kwa saa haturushi, na hata ukiwa chini ya hapo huwa nasita, maana parachuti halichagui pa kutua.

Saa 1 asubuhi. Roketi ina kilo 4, mwili wa faibaglasi, mapezi matatu. Nimeitia mota, yaani injini yake ya moto, nikaining'iniza kwa kamba mpaka ikalala sawa: hapo ndipo kitovu cha uzito. Lazima kiwe mbele ya kitovu cha msukumo wa hewa, kwa angalau upana mmoja wa mwili wa roketi. Kikiwa nyuma, itapinduka angani.

Saa 2. Baruti. Hapa sizungumzi na mtu. Napima mafungu mawili: moja la kufyatua parachuti dogo roketi ikifika kileleni, la pili la kutoa parachuti kubwa ikishuka hadi mita 200. Dogo hutangulia ili upepo usiibebe roketi mbali. Mwaka jana nilipunguza nusu gramu, nikaona si kitu. Pini mbili za nailoni zinazoshika pua, ambazo mlipuko wa baruti hupaswa kuzikata ili parachuti litoke, hazikukatika. Roketi ikarudi kichwa chini kama mshale, ikajizika. Niliichimba kwa mikono, na kazi ya miezi minne ilikuwa vipande. Tangu siku hiyo kila kipimo nakijaribu kwanza ardhini, na karatasi ya juu ya baruti naishindilia sana, kwa sababu baruti isiyobanwa haiungui yote.

Saa 4. Uwanjani. Mzee anayesimamia usalama anavuta mapezi, anatikisa pua, anauliza mota. Namwambia ni ya daraja la J, herufi inayoonyesha ukubwa wa mota, na msukumo wake ni niutoni 300. Anapiga hesabu: msukumo usipungue mara 5 ya uzito. Wangu unapita mara 7. "Haya, mwanangu, kaiweke."

Saa 5 na nusu. Roketi imesimama kwenye reli ya kurushia. Nawasha altimita, kifaa kinachopima kimo na kuwasha mafungu ya baruti, nainamisha sikio kwenye tundu dogo la hewa: milio mitatu, mafungu yote mawili yameunganika. Kiwashio cha mota naingiza mwisho kabisa, kisha narudi nyuma.

Tano, nne, tatu, mbili, moja.

Moto haudumu sekunde tatu, na ngurumo yake unaisikia kifuani. Kisha kimya, roketi inapanda yenyewe hadi inakuwa nukta. Kijimoshi cheupe. Parachuti dogo! Inashuka kasi, nahesabu, nashika pumzi, mara kubwa linafunguka, jekundu, pana.

Saa 7. Nimeikuta nyasini, altimita inalia tarakimu moja moja: 8, 7, 1. Mita 871.

Saa 11 jioni. Nasugua masizi kwenye ganda la mota. Kwenye matundu ya pua nimetoa vipande vya pini kwa ncha ya sindano. Zote mbili zimekatika.