Maji, Upepo na Dola: Wijeti Zilizobaki kwenye Kompyuta ya Ofisi Yetu Lamu

Ofisi yetu iko kwenye kichochoro kinachotoka Usita wa Mui kuteremkia pwani. Tunawapangia wageni wa nyumba za kulala usafiri wao: boti ya kuwapokea Manda wakishuka ndege, boti ya kuwavusha hadi Mokowe upande wa bara wakiwa na basi la kupanda, na safari za kisiwa cha Pate. Kompyuta ni moja, huwashwa asubuhi ikazimwa Magharibi, na karibu kila anayeingia huuliza moja katika mambo matatu: maji yako vipi, upepo utakuwaje, dola ni ngapi leo. Kwa ajili ya maswali hayo nikaanza kuweka wijeti, vile vijisanduku vinavyokaa kwenye uso wa kompyuta na kujibadilisha vyenyewe bila mtu kufungua programu yoyote. Nilitaka mtu akiuliza, jibu liwe liko machoni.

Wapo wanaosema wijeti ni mapambo tu. Mimi nasema zinafaa, na kwetu zimefaa sana, ila baada ya kuzitengeneza zifuate mwendo wa kitu chenyewe. Maji yana mwendo wake, upepo una wake, na bei ya dola ina wake. Wijeti nyingi zinapakuliwa zikiwa zimepangwa kana kwamba kila jambo duniani hubadilika kila dakika.

Nianze na maji, maana Lamu kila safari huanzia hapo. Boti za Pate hupita Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara. Maji yakipwa, boti iliyobeba watu na mizigo haipiti. Aliyechelewa ama angoje maji mengine, ama azunguke nje ya Manda kwa bahari kuu, na wakati wa kusi hiyo si njia ya kumpitisha mama mwenye mtoto mchanga. Kutoka maji kujaa hadi kujaa tena ni kama saa 12 na dakika 25, kwa hiyo kila siku majira husogea mbele kwa kadiri ya dakika 50. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri. Mwezi ukifika siku ya nane, siku za maji mafu, hujaa karibu saa nne. Manahodha hesabu hii wanayo kichwani tangu utoto. Mgeni aliyeshuka ndege jana hana, wala msichana tuliyemwajiri kupokea simu, ambaye kwao ni bara.

Wijeti ya maji niliyoipakua kwanza ilikuwa na mchoro mzuri wa kupanda na kushuka. Lakini kila baada ya dakika chache ilikuwa inaingia kwenye mtandao kuuliza jambo ambalo limekwisha kujulikana kwa mwaka mzima. Majira ya maji hupigiwa hesabu mapema kutokana na mwendo wa mwezi na jua, na Kenya Ports Authority hutoa majedwali yake. Kwa nini nilipie bando kuuliza kitu ambacho kimechapishwa tayari? Nikaiondoa. Nikaingiza jedwali la Lamu kwenye faili ya maandishi ya kawaida, tarehe, saa na kina, kisha nikatumia Rainmeter, programu ya bure ya Windows ambayo wijeti zake ni faili za maandishi unazoweza kuzifungua na kuzihariri mwenyewe. Kijana anayetengeneza kompyuta hapa mjini alinionyesha mwanzo, mengine nikajifunza kwa kusoma na kujaribu. Kisanduku sasa kinasoma faili iliyo ndani ya kompyuta yenyewe. Mtandao ukikatika, na hapa kisiwani hukatika, maji yanaendelea kuonekana sawasawa.

Upepo ni habari nyingine, huo hauna jedwali la mwaka. Hapa mtandao unahitajika kweli, lakini si kwa wingi ule ambao watu hufikiri. Utabiri mwingi unaoonekana kwenye simu na kompyuta chimbuko lake ni mifumo mikubwa michache ya hesabu za hewa. Ule wa Marekani uitwao GFS huendeshwa mara 4 kwa siku, na kwa saa zetu hesabu huanzia saa tisa usiku, saa tatu asubuhi, saa tisa alasiri na saa tatu usiku. Wa Ulaya, ECMWF, nao huendeshwa mara 4. Matokeo huchukua saa kadhaa kabla ya kutoka. Basi wijeti inayochota utabiri huo kila dakika inachota kitu kilekile mchana kutwa. Rainmeter, ukiiacha kama ilivyokuja, hurudi kwenye ukurasa wa mtandao kila baada ya dakika 10. Nikaibadilisha iwe kila baada ya saa tatu, na bando likapumua.

Kwa kweli hata kampuni kubwa zimeliona hili. Apple huwaambia watengenezaji wa programu kwamba wijeti inayotazamwa mara kwa mara kwa kawaida itapata nafasi ya kujisasisha kama mara 40 hadi 70 kwa siku. Kwenye Android, wijeti inayotegemea ratiba ya kawaida ya mfumo haiamshwi kabla ya dakika 30 kupita. Hiyo ndiyo maana halisi ya kusema kitu kinajisasisha chenyewe, na kwa mahitaji ya watu wengi inatosha kabisa.

Jambo lililonisaidia zaidi kuhusu upepo halikutoka kwenye kompyuta. Nahodha mmoja mzee, ambaye amepita Mkanda tangu kabla mimi sijazaliwa, aliingia kutaka orodha ya abiria wake, akasimama akaitazama skrini.

"Mwanangu," akasema, "kujaa kwa maji nakujua tangu mwezi ulipoandama. Na upepo wa sasa nausikia masikioni. Nambia wa kesho."

"Ami, wa kesho uko ndani, mpaka nifungue."

"Basi utoe nje, huu uufungie ndani."

Jioni ileile nikapindua mpangilio. Wijeti za hewa huja na hali ya sasa hivi kwa maandishi makubwa, jua na wingu limechorwa, na kesho imebanwa chini kwa herufi ndogo. Kwa mtu aliye Nairobi ndani ya jengo refu labda ndivyo inavyofaa. Kwa sisi tulio hatua chache kutoka majini, hali ya sasa iko dirishani. Sasa kisanduku chetu kinaonyesha kesho tu: alfajiri, adhuhuri na alasiri, upepo unatoka wapi na una kasi ya kilomita ngapi kwa saa. Alasiri ikiisha, manahodha wawili watatu hupita kutazama kabla ya kukubaliana saa ya kuondoka.

Lipo lililonitia hofu, na hili ndilo ningependa kila mwenye wijeti alitazame leo kabla ya jingine lolote. Mtandao ukikatika, wijeti nyingi hazisemi kitu. Zinaendelea kuonyesha namba ya mwisho zilizopata, kwa rangi ileile na uso uleule. Siku moja katika msimu wa kusi mtandao ulikuwa umepotea tangu usiku wa jana yake. Kisanduku kilisema upepo ni mwanana, na mashua zilizofungwa mbele ya ngome zilikuwa zinagongana. Aliye ofisini na madirisha yamefungwa angeamini kisanduku. Namba isiyo na saa yake ni hatari kuliko kutokuwa na namba kabisa, maana asiyekuwa nayo atauliza.

Nikaongeza mstari juu ya kila kisanduku kinachotegemea mtandao: saa ambayo habari ilichukuliwa. Kisha nikaweka sharti kwamba habari ikipitisha muda wa saa sita bila kusasishwa, maandishi yote yageuke mekundu. Ni mistari michache tu kwenye faili. Wijeti uliyopakua ikiwa haionyeshi ilipata habari yake saa ngapi, na haikupi njia ya kuiongezea, mimi naona uiache, hata iwe nzuri kiasi gani.

Dola ilitufundisha kinyume chake. Kulikuwa na kisanduku cha bei za fedha kilichokuwa kikichezacheza mchana kutwa, senti juu, senti chini. Wageni walikaa kwenye benchi wakikitazama, kisha ukifika wakati wa kulipa wanataka bei ile ya kwenye skrini, na hakuna benki wala duka la fedha litakalotununulia dola kwa bei hiyo. Benki Kuu ya Kenya hutoa bei elekezi mara moja kila siku ya kazi. Hiyo inatutosha. Tunaandika bei yetu kisandukuni asubuhi, moja tu, inakaa hadi kesho yake, na mabishano yamekwisha.

Wijeti ya kufuatilia ndege nayo niliiondoa. Mtu wetu aliye kwenye gati ya Manda huandika kwenye kundi la WhatsApp mara tu anapoiona ndege ikiteremka, na yeye ndiye anayejua kama mizigo imetoka. Habari za dunia, bei za hisa, kipimo cha joto la kompyuta: vyote viliondoka bila mjadala. Habari za dunia hasa zilikuwa zinaiba macho. Unaandika jina la mgeni, jicho linaruka pembeni kwenye kichwa cha habari, ukirudi umeruka tarakimu ya pasipoti.

Kisha kuna swali la mahali pa kuziweka, ambalo kwa maoni yangu ndilo linalofanya watu wengi wazichoke. Uso wa kompyuta hufunikwa. Ukifungua jedwali la safari na barua pepe, wijeti zote ziko nyuma, na kuzitazama ni lazima uyashushe madirisha yote. Windows 11 imeziweka kwenye paneli ya pembeni inayofunguliwa kwa kitufe cha Windows pamoja na W, na hapo tayari ni sawa na kufungua programu. Sisi tuliponea kwenye skrini kuukuu iliyokuwa imewekwa stoo. Nimeiunganisha kwenye kompyuta ileile, imegeuzwa kuelekea benchi la wageni, na haina kazi nyingine ila visanduku vitatu. Bila skrini hiyo ya pili nadhani ningekwisha kuzizima zote. Stima ikikatika inazimika, na wakati huo tunarudi kwenye jedwali la karatasi lililobandikwa ukutani, ambalo sikuliondoa.

Wazo lenyewe si jipya, ingawa kila mara hutangazwa kama jipya. Microsoft ilijaribu mwaka 1997 kwa Active Desktop, ikarudi mwaka 2007 na Windows Vista na visanduku vyake vya pembeni, kisha mwaka 2012 yenyewe ikawashauri watu wavizime kwa sababu za usalama, maana kijiprogramu kibaya kingeweza kumpa mtu wa mbali mamlaka juu ya kompyuta yako. Apple ilikuwa na Dashboard kuanzia 2005, ikaiondoa 2019, na mwaka 2023 wijeti zikarudi kwenye uso wa Mac. Sisi kwenye kompyuta hii tuna nakala za pasipoti za watu. Kwa hiyo sipakui kisanduku chochote nisichoweza kufungua faili yake na kusoma kinaenda kuchukua habari wapi. Watu hunitumia vizuri sana, vyenye saa za dhahabu na picha za mawimbi, nami huwashukuru na kuviacha.

Kazi inayobaki kila mwaka ni ya jedwali la maji. Jipya likitoka tunakaa ofisini baada ya Isha, mmoja akisoma kwa sauti, mwingine akiandika kwenye faili. Tukimaliza tunachukua siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tunatazama kama bamvua zimeangukia mahali pake na kama maji yanajaa karibu na saa kumi. Zikiachana sana tunajua kuna mstari umerukwa, tunarudi kuutafuta.