Doa la Rangi ya Chai

Nililiona mara ya kwanza mwezi wa Februari 2022, kaskazi ingali inavuma na anga haina hata wingu. Doa dogo kwenye dari, juu ya kitanda cha mama, rangi ya chai ya mkandaa, ukingo wake umekoza kuliko katikati. Nikajiambia ni mabaki ya vuli, limeshakauka. Mwezi wa Mei mama aliniamsha saa tisa usiku. Godoro lilikuwa limelowa, maji yanatiririka kwenye waya wa taa. Nilikimbilia swichi kuu nikazima umeme, kisha tukahangaika gizani na masufuria na beseni mpaka adhana ya alfajiri.

Nyumba yetu iko Shela, hapa Malindi, karibu na bahari kiasi cha kusikia mawimbi kusi ikichachamaa. Marehemu baba aliiezeka kwa mabati membamba ya geji 30, na nyuma akaacha baraza la makuti, kwa sababu mama hawezi kukaa chini ya mabati mchana wa Machi. Baba alipokuwa hai paa lilikuwa shughuli yake. Sikuwahi kulitazama.

Fundi wa kwanza niliyemwita nilimwonyesha doa. Akapanda, akapaka lami juu ya doa pale pale, akashuka, nikamlipa. Mvua iliyofuata ikavuja vilevile. Kosa lilianza kwangu, kwani nilidhani maji yanapodondokea ndipo yanapoingilia.

Ndipo mama akasema, “Mwite yule mzee aliyefanya kazi na baba yako.” Mzee alikuja asubuhi, akaketi kwanza, akanywa maji, akaulizia hali za wote. Sikumwona hata akitupia jicho ngazi. Alitaka tuondoe kipande kimoja cha silingi bodi ukumbini, akaingiza kichwa na mabega humo, akaniita nami nipande kwenye meza kando yake.

“Zima tochi, mwanangu. Ngoja macho yazoee.”

Baada ya dakika mbili tatu nikaona vitone vya mwanga, vinne, vyembamba kama ncha ya sindano. Hakuna hata kimoja kilichokuwa juu ya kitanda cha mama. Cha karibu kilikuwa kama mita mbili zaidi, kuelekea kwenye mgongo wa paa. Mzee akawasha tochi, akanionyesha njia ya maji: mchirizi mweusi ukifuata kombamoyo, ule mti ulioinama unaobeba bati, kuanzia kwenye kile kitone, ukishuka taratibu hadi kwenye fundo la mbao. Hapo maji yalikuwa yakijikwaa, yanaanguka kwenye dari, yanasambaa. Doa lilikuwa mwisho wa safari.

Ili tuwe na hakika, kijana wake alipanda na mpira wa maji huku mimi nikibaki ndani. Alianza kumwagia upande wa chini, akangoja, akapanda kidogo, akangoja tena. Ukianzia juu, maji yanateremka juu ya kila tundu na hutajua ni lipi linaloingiza. Alipofika kwenye msumari wa kile kitone karibu na mgongo, haikupita muda, kombamoyo ikang'aa maji.

Msumari wenyewe haukuwa na kutu. Kilichoharibika ni raba iliyo chini ya kichwa chake: jua lilikuwa limeikausha ikawa ngumu kama ganda la kaa, ikapasuka. Mzee alinieleza jambo ambalo baadaye nililipigia hesabu mwenyewe. Bati hurefuka likipata joto na hufupika likipoa. La mita 3, likitoka kwenye joto la nyuzi 25 alfajiri likafika 65 adhuhuri, hurefuka karibu milimita moja na nusu. Ni kidogo, lakini hutokea kila siku, miaka kumi, na kila mara bati linautikisa msumari kwenye mbao. Tundu linapanuka, msumari unachomoza. Zile sauti za “tak, tak” tunazosikia magharibi, ambazo utotoni tuliambiwa ni paka, ni bati linapoa. Sauti hiyo haina neno. Inayonishtua siku hizi ni ile nyingine, bati likipiga makofi upepo ukivuma. Maana yake kuna ukingo usioshikwa tena.

Misumari iliyochomoza hatukuipigilia upya. Mbao ilikuwa imeshalegea pale, na msumari uleule katika tundu lilelile ungetoka tena baada ya misimu miwili. Mzee aliweka skrubu nene kidogo zenye raba mpya, zote kwenye mgongo wa wimbi la bati, kamwe si kwenye bonde ambamo maji hupita. Ndugu yangu alikuwa na vipande vya waya wa shaba akataka vitumike kufungia ukingo. Mzee alikataa katakata, kwa kuwa maji yaliyopita kwenye shaba hula zinki ya bati.

Kutu ndiyo iliyonifunza kutazama mahali ambapo sikutarajia. Nilidhani upande wa juu, unaopigwa na jua na mvua, ndio utakaoanza. Mzee alinipeleka upenuni, upande wa baharini, akaniambia nipitishe kidole chini ya bati. Kilitoka na unga mweupe. Kusi huleta chumvi ya bahari ikatua juu na chini ya paa. Ile ya juu mvua huiosha, ile ya upenuni haioshwi na chochote, inakaa hapo ikinyonya unyevu kila usiku. Ule unga mweupe ni zinki inayoliwa. Ukiuona bado una muda, unaosha, unakausha, unapaka rangi ya kuzuia kutu. Ukishaona wekundu, chuma chenyewe kimeanza kuliwa. Sasa naosha upenu wetu kwa maji ya mfereji yasiyo na chumvi kila baada ya wiki chache msimu wa kusi, na siyatumii yale ya kisima, maana yetu yana chumvi.

Mfereji wa paa nao nilikuwa nimeupuuza. Ulikuwa umejaa majani ya mwarobaini na mifupa iliyoangushwa na kunguru, maji yanarudi nyuma kwenye ubao wa ukingo. Kwa macho ubao ulikuwa mzima, rangi haijabanduka. Mzee akauchoma kwa bisibisi, ikazama kama kwenye mkate wa boflo.

Baraza la makuti lina lugha yake, na kusema kweli ndilo ninalolipenda zaidi. Makuti kugeuka kijivu si ugonjwa, jua limeyapausha tu. Hatari ni weusi unaobaki na umajimaji hadi saa nne asubuhi wakati kwingine kumeshakauka, maana hapo yanaoza kwa ndani. Vijiti na unyuzi vikianza kudondoka mezani kila siku, yamechoka. Nguzo nazo nazitazama chini kabisa: kijia chembamba cha udongo kinachopanda kutoka ardhini ni mchwa, na mchwa hawangoji. Tulibadilisha upande mmoja tu, ule ulioinama kidogo. Paa la makuti lisilo na mwinamo mkali huchelewa kumwaga maji, na upande huo ndio uliooza kwanza.

Baada ya yote hayo nilichukua penseli, nikazungushia doa la juu ya kitanda, nikaandika kando: Machi 2023. Doa la zamani halina budi kubaki ndani ya mstari. Ndani ya kabati la jikoni nimebandika karatasi ya kunikumbusha, na kila mwanzo wa Machi, kabla ya masika, na tena Septemba kabla ya vuli, napiga picha za paa kwa simu nikiwa nimesimama mahali palepale. Kupanda sipandi. Bati jembamba hukunjika chini ya mguu wa asiyejua mbao ziko wapi. Anayepanda ni kijana wa mzee, asubuhi mapema, akikanyaga kwenye mistari ya misumari tu.

Mvua za El Niño zilikuja mwisho wa mwaka huohuo, zikanyesha tukazichoka. Kila asubuhi nilikuwa nikiinua macho kabla sijamsalimu mama.

Machi 2024 picha zilinionyesha kitu ambacho macho yangu yasingekiona: kwenye kona ya upande wa baharini kivuli cha ukingo wa bati kilikuwa kipana kuliko cha Septemba. Bati lilikuwa limeinuka kiasi cha unene wa kidole. Mzee alikuja siku ya pili. Aliniambia upepo hauishii kusukuma paa, huwa unalivuta kwa juu, na huanzia kwenye kona na kingo; ukishapata mahali pa kuingiza kucha, hufungua kama mkebe. Aliongeza skrubu kwenye kona zote nne, akafunga makombamoyo ya upenuni kwenye ukuta kwa mabamba ya chuma.

Mwanzoni mwa Mei zikaja habari za kimbunga Hidaya, kikatua Mafia, Tanzania, tarehe 4. Sisi tulikuwa mbali nacho, lakini usiku ule upepo ulivuma kwa namna ambayo mama alisema hajaisikia siku nyingi. Nililala chumbani mwake, beseni tayari chini ya kitanda. Nilisikia mikungu ya nazi ikianguka, nikasikia bati la mahali fulani mtaani likipiga makofi usiku kucha. Halikuwa letu.

Kulipokucha nikapanda kwenye kiti na tochi. Mstari wa penseli ulikuwa pale, na doa lilikuwa ndani yake. “Vipi?” mama akauliza kutoka kitandani. Nikamwambia pakavu, akageukia ukutani akalala.