Nimeuliza kalamu

Siku ya nne leo, bado naisikia. Baba Mkubwa alikaa kwenye kochi letu Jumapili, nikamwekea sehemu ya nne ya tamthilia yetu ya upelelezi ikiwa bado haina muziki. Akaitazama mpaka mwisho bila hata kukohoa. Kisha:

"Mwanangu, huyu mpelelezi wenu ana kalamu?"

"Ana bastola, Baba Mkubwa."

"Nimeuliza kalamu."

Akaomba chai. Mtu aliyestaafu akiwa OC-CID, mkuu wa upelelezi wa wilaya, ana desturi ya kuliacha swali lining'inie mpaka uliyeulizwa ujikamate mwenyewe. Wiki hii tumefunga kupiga picha za msimu mzima, lakini mimi niko jikoni saa sita usiku nabishana na maneno mawili.

Ningekuwa sijui, isingeniuma. Tangu Januari nawahubiria vijana wa chumba cha uandishi habari za Steven Bochco, Mmarekani aliyetunga tamthilia za polisi, mpaka mmoja wao akanibatiza jina hilo. Na kazi ya Bochco, ukiitazama kwa jicho la Baba Mkubwa, imejaa kalamu.

Anza na 1971. Alikuwa na miaka 27, ameajiriwa na studio ya Universal kule Los Angeles miaka michache tu baada ya kumaliza chuo Pittsburgh, akaandika sehemu ya Columbo, tamthilia ya mpelelezi wa jina hilo, iliyoongozwa na Steven Spielberg, naye akiwa na miaka 24. Waandishi wawili wa riwaya za upelelezi wanasifiwa pamoja, ila anayeandika ni mmoja. Mwenzake kazi yake ni kutabasamu mbele ya waandishi wa habari. Anayeandika anataka kujitenga, yule wa kutabasamu anamuua. Columbo hana bastola mkononi, ana koti lililokunjamana tu. Kinachomfunga muuaji ni karatasi: marehemu alikuwa ameinukuu na kuihifadhi mbinu yenyewe ya mauaji, wazo ambalo muuaji alimsimulia miaka ya nyuma bila kudhani kuna mtu angeliandika mahali.

Nimeifundisha sehemu hiyo mara tatu kama mfano wa hadithi ambayo mtazamaji anamjua muuaji tangu mwanzo. Mara zote tatu sikuona kwamba muuaji ni yule asiye na kalamu.

Nimeuliza kalamu. Si "ana kalamu?" tena. "Nimeuliza." Kama kwamba jibu langu halikuhesabika kuwa jibu.

Januari 1981 Bochco na Michael Kozoll wakatoa Hill Street Blues, tamthilia ya polisi, kupitia kituo cha televisheni cha NBC. Humo hakuna mpelelezi mmoja mwerevu. Kuna kituo kizima, simu zinalia, watu wanaongea juu ya maneno ya wenzao, kamera imeshikwa mkononi. Inaanza asubuhi, askari wamekaa, sajenti anawasomea mambo ya siku kutoka kwenye karatasi zake. Wengi wanaoiga huichukua kama salamu. Kumbe pale ndani ya dakika chache mtazamaji ameshakabidhiwa mikondo mitatu minne ya hadithi, na hakuna mhusika aliyelazimika kumweleza mwenzake jambo ambalo mwenzake tayari analijua. Msimu wa kwanza watazamaji walikuwa haba kweli, na mwaka huohuo ukabeba tuzo 8 za Emmy.

Mikondo hiyo ndiyo inayotutoa jasho. Kwa dakika 44 sisi tunapanga sini (onyesho moja moja) 28: mkondo mkuu 12, wa pili 9, wa tatu 5, na mbili za kupumulia. Kila mkondo una kadi za rangi yake ubaoni. Simama mlangoni utazame. Ukiona bluu nne zimefuatana, jua mtazamaji ameshawasahau watu wa njano. Mikondo miwili ikifika mwisho bila kugusana hata kwa kupishana koridoni, ulikuwa na hadithi mbili fupi ukazishona kwa uzi mwekundu. Na tangazo la biashara likate pale mtu anapoulizwa. Likikata baada ya jibu, watu wanahamia kwenye mpira.

Ila donda letu liko kwenye kupunguza. Ukizidisha dakika 6, au ratiba ikizidi nusu siku, unatafuta sini ambayo hakuna kinachosogea, na mtu anayeandika siku zote ndiye anayekaa kimya. Kwa hiyo karatasi hufa kwanza. Skripti ya sehemu ya nne ilikuwa na sini mbili za jalada. Nilizifuta kwa mkono wangu, kuokoa jenereta isikodiwe siku nyingine.

Halafu juzi usiku kitu kikageuka. Nilikuwa nimekaa kumwandikia Baba Mkubwa hoja za kujitetea, nikaanza na mambo ambayo angeyafanya yeye.

Kwetu Tanzania mtuhumiwa akishawekwa chini ya ulinzi, polisi wana saa 4 za msingi za kumhoji, ukiutoa muda wa kumsafirisha hadi kituoni. Zinaweza kuongezwa, nyongeza isizidi saa 8, na mtuhumiwa aambiwe. Maelezo ya onyo, yaani yale mtuhumiwa anayoyatoa baada ya kuonywa, yakichukuliwa baada ya hapo bila nyongeza, wakili atasimama kuyapinga, itafunguliwa kesi ndogo ndani ya kesi, na mahakama inaweza kuyaondoa kabisa. Mtu wetu anakamatwa mlangoni kwa kituo saa tatu asubuhi. Saa saba mchana kalamu iwe imeshawekwa chini.

Sasa tazama. Bastola haimsaidii kitu. Anahitaji kurasa tatu, mwandiko unaosomeka na mtuhumiwa asiyekimbiza maneno. Mtuhumiwa anasema "nilimsukuma". Askari anaandika "nilimpiga". Anamsomea, maana lazima amsomee. Mtuhumiwa anasema sikusema hivyo, sisaini. Saa ya ukutani inaonyesha saa sita na dakika arobaini. Nilicheka peke yangu jikoni kama mwehu. Kwa miezi mitano nimetafuta cha kujaza katikati ya sehemu ya nne, nikajaza pikipiki mbili na risasi sita, kumbe kilichohitajika ni neno moja linalogombaniwa na watu wawili waliokaa.

Na simu ya marehemu! Inakutwa chini ya godoro, mpelelezi wetu anaitia mfukoni. Mfukoni, jamani. Hakuna hati ya ukamataji mali, hakuna shahidi huru, mjumbe hayupo, mwenye chumba hajasaini popote. Wakili wa mwaka wa kwanza angeiangusha kesi hiyo akiwa bado anatafuta miwani. Nadhani hapo ndipo Baba Mkubwa alipoacha kutazama na kuanza kusubiri zamu yake ya kuuliza.

Kurekebisha ni rahisi kuliko nilivyoogopa. Mwigizaji mkuu kashanyoa ndevu, kwa hiyo uso hatuupati. Tutapiga mikono: kalamu, karatasi, kidole gumba, hati ikijazwa mstari kwa mstari. Meza ileile, shati lilelile la bluu lililokunjwa mara mbili, saa ileile ukutani irudishwe kwa mkono kila picha. Mikono ya mtu mwingine inafaa ilimradi rangi na kucha vifanane, na pete ihamishwe. Sauti tutazichukua baadaye kwenye chumba chenye magodoro. Saa 3 za kazi, taa mbili. Shida ni moja: mwandiko. Ukitumia mikono ya watu wawili, kurasa zote ziandikwe na mmoja wao tangu mwanzo, la sivyo kuna mtazamaji mmoja Tabora atasimamisha picha na kutuandikia.

Hapa ndipo ninapoelewa kwa nini Bochco aling'ang'ania awe mwandishi na prodyuza kwa pamoja. Asiyekaa kwenye kuhariri hawezi kuilinda sini ya karatasi. Ilimgharimu: 1985 waliokuwa wakimlipa walimtoa kwenye Hill Street Blues, matumizi yakiwa moja ya ugomvi wao. Mwaka uliofuata akatoka na L.A. Law, tamthilia ya mawakili, yeye na Terry Louise Fisher, na 1987 kituo cha ABC wakamfunga kwa mkataba wa tamthilia 10. Mojawapo, Cop Rock ya 1990, ilikuwa na polisi wanaoimba. Ikaishia sehemu ya 11. Naipenda kwa sababu hiyohiyo. Mtu aliyekwisha kushinda hakuwa na haja ya kuimbisha mahakama.

Ikaja NYPD Blue mwaka 1993, yeye na David Milch, ikaenda misimu 12, sehemu 261. Nguzo yake kwangu ni Bill Clark, mpelelezi wa mauaji wa New York aliyeanza kama mshauri na baada ya kustaafu akawa prodyuza. Vile vyumba vya mahojiano vina meza, viti, na karatasi inayosukumwa upande wa pili: andika. Nusu ya vita ni kumfanya mtu aishike hiyo kalamu.

Mshauri wa namna hiyo anakaa chumbani wakati kadi bado ziko ubaoni. Kosa likionekana hapo, unabandua kadi moja. Likionekana kwenye skripti, unakesha usiku mmoja. Likionekana baada ya kupiga picha, ni shati, saa, taa na mikono ya watu. Mimi mtaalamu wangu nilimwita Jumapili mchana, baada ya wali, ili anisifu.

Nimempigia leo asubuhi kumwomba aje kwa msimu ujao, kwa malipo.

"Malipo hayo yameandikwa wapi?"

Nikasema nitaandika. Akasema atasubiri, akakata.