Mpwa wangu alimwita Scar kwa jina lake la utotoni

Dada yangu alikataa kwenda. "Ya kwangu nilishaimaliza," alisema, simu sikioni, mkono wa pili ukinisukumia mtoto mlangoni. "Mufasa alikufa, nikalia, yakaisha. Nendeni nyie."

Basi tukaenda wawili, mimi na mpwa wangu wa miaka saba, kutazama Mufasa: The Lion King, ile ya Disney iliyotoka Desemba 2024 na kusimulia yaliyotokea kabla ya yale tunayoyajua. Mtoto alikuwa hajawahi kuona filamu yoyote ya ukoo huo. Si katuni ya 1994, wala ile ya 2019 yenye simba wanaofanana na simba wa kweli. Kwake Mufasa alikuwa jina tu kwenye tangazo. Kwangu mimi Mufasa ni marehemu.

Nieleze kidogo. Mimi na dada tulikuwa na ile katuni kwenye kanda ya video. Tuliitazama mpaka deki ikaanza kuitafuna. Kanda ilikuwa na mistari myeupe sehemu moja tu, pale kabla nyumbu hawajateremka korongoni, kwa sababu hapo ndipo dada alipokuwa akibonyeza kurudisha nyuma. Hakutaka tufike. Alikuwa anairudisha mpaka Mufasa na mwanawe Simba wanatembea usiku chini ya nyota, tunaangalia hapo, tukikaribia korongo anabonyeza tena. Kuna wiki nzima ambayo Mufasa hakufa nyumbani kwetu.

Kwa hiyo nilipoingia ukumbini sikuwa mtazamaji wa haki. Nilikwenda kukagua.

Kichekesho cha kwanza kilitokana na lugha, na nadhani sisi tunaosema Kiswahili ndio pekee tuliokipata. Mtoto mmoja wa simba, mwana wa mfalme, anajitambulisha: anaitwa Taka. Safu ya nyuma yetu ikaguna, kisha mtu akacheka kwa pua. Ndiyo, hili ni jina la Scar, yule simba anayemuua Mufasa kwenye katuni, kabla hajapata kovu. Mpwa wangu akanivuta shati. "Mjomba, taka za kutupa?" Nikamwambia anyamaze, ila swali lake lilikuwa la haki kabisa. Mzazi gani anamwita mrithi wake Taka halafu anashangaa akiharibika? Unaweza kujitetea kwamba ni taka ya kutaka, mtu mwenye tamaa, na hilo kweli linamfaa. Lakini sikio la Mswahili huwa linakimbilia jalalani kwanza.

Halafu ikaja Milele. Simba hawa wanatafuta nchi nzuri iitwayo hivyo, na mwimbaji anaitaja kwa hamu, na kamera inapaa juu ya majani mabichi. Sasa kwa Kiswahili milele si mahali. Ukimwambia mtu kwamba fulani amekwenda milele, atakupa pole na kuuliza mazishi lini. Mama Mufasa anamwahidi mwanawe kwamba watafika Milele, mafuriko yanakuja, mtoto anabebwa na maji, nami nikawaza: huyu mama amejitabiria.

Nilishazoea, lakini. Hadithi hii tangu mwanzo imetuchotea maneno bila kuomba: Rafiki, yule nyani mzee, ni rafiki, Pumbaa yule ngiri amepumbaa kweli, Shenzi yule fisi hakuonewa huruma hata kidogo. Na ile ya 1998 ikaleta simba kijana anayeitwa Kovu, kana kwamba hakuna atakayegundua kwamba huyo na Scar wana jina moja. Mufasa ndilo jina lenyewe lisilotoka kwetu. Kwenye intaneti kuna watu wanaapa kwamba ni Kiswahili na maana yake ni mfalme. Mfalme ni mfalme, jamani.

Turudi ukumbini. Wenye umri wangu unawatambua gizani bila kuwaona. Wao ndio wanaomnong'oneza mtoto, "Huyo ndiye atakuja kuwa Scar," na mtoto hajui Scar ni nani. Wao ndio wanaoguna "aaah" kila kitu cha zamani kinapopatiwa asili yake. Fimbo ya Rafiki, aaah. Ule mwamba wa mfalme unapochomoza kwenye tetemeko, aaah. Mimi hapo ndipo uvumilivu uliponiishia. Sikuwahi kulala njaa ya kutaka kujua ule mwamba ulitoka wapi. Ni mwamba. Hadithi hizi za kutangulia zina tabia ya mgeni anayeulizwa jina akakutolea na cheti cha kuzaliwa cha babu yake. Watoto hawakuguna hata mara moja, maana hawakuwa na cha kukumbuka. Walikuwa wanatazama jiwe likipanda.

Na kinyume chake: kila Timon, yule nguchiro, na Pumbaa walipokatiza hadithi, maana Rafiki anamsimulia Kiara, binti wa Simba, na wale wawili wamekaa pembeni wakibwabwaja, watu wazima walijikunyata kwa kero na watoto wakaangua kicheko. Mpwa wangu alitamani hao wawili wabaki, simba waje mara mojamoja.

Malalamiko makubwa nilikuja kuyasikia tukitoka. Baba mmoja mbele yetu, mwanawe kabebwa begani amelala, alikuwa akimwambia mwenzake kwa sauti ya mtu aliyepunjwa chenji: "Kumbe hata si ndugu yake!"

Alikuwa anasema juu ya jambo hili. Katika katuni ya 1994, Scar anamuua kaka yake ili apate ufalme. Hiyo ni hadithi ya Kaini na Habili, na uzito wake wote uko kwenye damu. Hii mpya inasema Mufasa alikuwa mtoto aliyepotezwa na mafuriko, Taka akamwokota mtoni, mama yake Taka aitwaye Eshe akamlea, na baba mtu, Obasi, hakumtaka. Mwenye damu ya kifalme ni Taka. Mufasa ni mtu wa kuja. Kwa yule bwana, basi, miaka yote aliyomchukia Scar kwa kumuua nduguye, alikuwa anamchukia kwa kosa lisilokuwepo.

Nilitamani kumshika bega. Bwana, wewe unayesema hivyo kwa Kiswahili! Sisi ambao neno ndugu tunampa mtoto wa shangazi, jirani, na mtu tuliyekutana naye kwenye basi. Wahenga walimaliza: udugu ni kufaana, si kufanana. Watoto wale walikula pamoja, wakalala pamoja, na Taka alishindwa mbio kwa makusudi ili mgeni akubaliwe nyumbani. Udugu upi tena unatafutwa? Kwangu mimi kosa la korongoni limekuwa zito zaidi, maana sasa anayesukumwa ni yule uliyemtaka wewe mwenyewe, ukamtetea mbele ya baba yako. Wa tumbo moja hukumchagua.

Ila upo mlango ambao filamu yenyewe imeuacha wazi, na hapo walalamikaji nawaunga mkono mikono miwili. Kwa nini Taka anageuka? Kwa sababu Sarabi, simba jike waliyekutana naye njiani, anampenda Mufasa. Basi. Anakwenda kuwauza kwa Kiros, yule simba mweupe aliyewaua wazazi wa Taka mwenyewe, kwa sababu amekataliwa na msichana. Nilimwona mama mmoja upande wa pili wa njia akifungua mikono hewani, ile ya "ndiyo nini sasa?" Na kinachouma ni kwamba sababu nzuri ilikuwa imeshapandwa. Mufasa analelewa na majike, anajifunza kunusa upepo na kuwinda. Taka anabaki na baba anayemfundisha kwamba mfalme halali hana haja ya kujua kitu, na kwamba uongo ni silaha ya mkubwa. Siku hatari inapokuja, mmoja anajua la kufanya na mwingine anajua tu kwamba yeye ni mfalme. Wivu wa namna hiyo ningeuamini mpaka kesho. Walikuwa nao mkononi, wakaenda kununua wa bei rahisi.

Sura za simba, ambazo wengi walizilaumu tangu 2019, zimepata uhai kidogo. Bado tatizo lipo: mpwa wangu aliuliza "yupi ni yupi?" mara nne, mara ya mwisho wakati wa ugomvi, na nikamjibu kwa kubahatisha. Nyimbo alitunga Lin-Manuel Miranda. Ule wa watoto wawili wanaotamani kuwa na kaka umebaki kichwani mwangu. Mingine niliiacha kitini pamoja na bisi.

Nilipofika nyumbani nikasoma watu wanasemaje kwingine. Wachambuzi waligawanyika, baadhi wakimsikitikia zaidi mwongozaji Barry Jenkins, aliyetengeneza filamu ya Moonlight, kwamba anafanya nini na simba wa kompyuta. Wikendi ya kwanza huko Marekani ilikusanya kama dola milioni 35 na kuzidiwa vibaya na yule kalunguyeye wa bluu wa filamu ya Sonic 3. Watu wakaanza kuizika. Lakini familia ziliendelea kwenda, wiki baada ya wiki, ikamaliza na zaidi ya milioni 700 duniani. Nadhani waliokuwa wakiipeleka mbele walikuwa na umri wa mpwa wangu, waliotoka ukumbini bila malalamiko yoyote kwa sababu hawakuingia na chochote.

Jambo moja lilituunganisha wote, wakubwa walionuna na wasionuna. Filamu imetolewa kwa heshima ya James Earl Jones, sauti ya Mufasa, aliyefariki Septemba 2024. Jina lake lilipotokea, wale wa kunong'ona walinyamaza. Mpwa wangu akauliza huyo ni nani. Nikasema, "Ndiye aliyekuwa Mufasa." Akanitazama kama nimechanganyikiwa, Mufasa alikuwa bado hajaanza.

Miezi kadhaa ikapita. Siku moja nimewatembelea, mvua inanyesha, mtoto hana la kufanya, nikaona wakati umefika. Nikamwekea katuni ya 1994. Dada alikuwa anakunja nguo chumbani, akasikia ule mlio wa kwanza wa jua likichomoza, akatokeza kichwa. "Usimfanyie hivyo mtoto," akasema, akarudi ndani.

Mimi nilijua ninachokisubiri. Nilitaka aone korongo kama tulivyoliona sisi. Sikujua kwamba jambo hilo haliwezekani tena.

Scar alipojitokeza mara ya kwanza, pangoni, anachezea panya kwa kucha, mpwa wangu akasogea karibu na runinga. Hakuogopa. Sisi tulikuwa tunajificha nyuma ya kochi. Yeye akasoma ile alama juu ya jicho la kushoto, akasema taratibu, "Mjomba, ni Taka. Amekonda."

Amekonda! Miaka yote hiyo nilimwona yule simba ni mwembamba kwa sababu waovu huchorwa wembamba. Yeye alimwona ni mtu wa nyumbani ambaye hajamwona siku nyingi na hali si nzuri. Kuanzia hapo hakumwangalia Simba sana. Kila Scar alipokuwa na fisi alinyamaza. Scar alipomdanganya Simba abaki korongoni, alinong'ona, "Asimwambie hivyo." Ile filamu niliyoijua, ya mtoto anayempoteza baba, ilikuwa imekwenda zake. Iliyokuwa ikichezwa mbele yetu ilikuwa juu ya ndugu wawili, mmoja wao hasemi na mwenzake.

Nyumbu wakateremka. Mufasa akamwokoa Simba, akaruka, akaanza kukwea ukingo, mwamba unamomonyoka chini ya miguu yake. Juu yake kichwa cha Scar kikachungulia. Mpwa wangu akapiga magoti juu ya kochi.

"Taka, mvute," akasema. Kisha kwa sauti, "Taka! Mvute!"

Ningeweza kubonyeza. Rimoti ilikuwa mapajani mwangu. Scar akashusha kucha zake kwenye mikono ya Mufasa, akainama, akamwambia neno lake, akamwachia.

Nilimgeukia mtoto nikiwa tayari kwa kilio. Nilikuwa na kitambaa kabisa. Hakulia. Alikuwa amekunja uso, kama mtu anayejaribu hesabu isiyokubali.

"Amemsahau?"

Sikuwa na jibu. Dada alikuwa amesimama mlangoni na shati moja mkononi, sijui tangu saa ngapi.

"Rudisha nyuma," mpwa wangu akasema.

"Mpaka wapi?" Dada ndiye aliyeuliza.

"Mpaka walipokuwa wadogo."

Nikamwambia hiyo haimo humu, imo kwenye ile nyingine. Akasema basi weka ile nyingine. Nikamtazama dada, nilidhani atasema ni muda wa kuoga. Akalitupa shati juu ya meza, akavuta mto, akakaa chini sakafuni.

"Weka," akasema. "Ila ukifika kwenye huyo msichana, uruke."